Bima ya Mvua na Orakeli: Tuulize Kwanza Kipimo Kiko Wapi

Leo naweka pembeni mbolea na viwavijeshi, niongelee jambo ambalo vijana wetu wanatumiana sana kwenye makundi ya WhatsApp: mradi wa Chainlink na maendeleo yake ya mwaka 2022. Usiseme "hayo ni ya watu wa kompyuta" ukaondoka. Mradi huu umeshafika kwa wakulima wadogo wa jirani zetu Kenya kupitia bima ya mazao. Bima ya namna hiyo ikivuka mpaka kuja kwetu, hela itakayokatwa ni yako.

Msimamo wangu nausema mapema. Mwaka 2022 mradi huu ulipiga hatua za kweli, lakini karibu zote zilikuwa hatua za kuisafirisha taarifa kwa usalama. Mkulima anaumizwa zaidi na namna taarifa inavyopimwa kabla haijaanza safari. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tukiyachanganya tutalipia bima ambayo siku ya ukame itatuangalia tu.

Orakeli ni kitu gani?

Blokicheni ni daftari la kompyuta linalotunzwa na watu wengi kwa pamoja. Kila mmoja ana nakala yake, kwa hiyo ni vigumu sana mtu mmoja kufuta au kubadili kilichoandikwa. Ndani ya daftari hilo unaweza kuweka mkataba unaojitekeleza wenyewe: mvua ikiwa chini ya kiasi fulani, mkulima alipwe, basi. Hakuna kusubiri sahihi ya meneja.

Shida ni kwamba daftari hilo halina macho. Halijui kama jana mvua imenyesha Machakos au haikunyesha. Lazima awepo wa kuliletea habari kutoka nje, na huyo mleta habari ndiye anayeitwa orakeli. Ukimtegemea mmoja peke yake, akihongwa au mtambo wake ukizima, mkataba wote umeharibika. Ndiyo maana Chainlink, iliyoanza kazi kwenye mtandao wa Ethereum Mei 2019, hutumia kompyuta nyingi za waendeshaji tofauti. Kila moja inaleta jibu lake, halafu linachukuliwa jibu la katikati. Ni kama ukienda mnadani kujua bei ya mbuzi: humuulizi dalali mmoja ukaondoka, unawauliza kadhaa, na yule anayetaja bei ya ajabu unamwacha.

Hatua za mwaka 2022

Machi 2022 mfuko wa Lemonade wa Marekani ulitangaza umoja wa kutoa bima ya hali ya hewa kwa wakulima wadogo. Ndani yake walikuwamo Chainlink, Etherisc, Pula ya Kenya, kampuni ya bima mtawanyo ya Hannover Re ya Ujerumani, na Tomorrow.io wanaoshughulika na taarifa za hali ya hewa. Walianzia Kenya, na awamu ya kwanza iliwakatia bima wakulima wapatao 7,000.

Septemba mwaka huohuo, Chainlink na SWIFT, mtandao ambao mabenki duniani hupitishia ujumbe wa malipo, walitangaza jaribio la kufanya kazi pamoja. Kisha tarehe 6 Desemba ukaanza mpango wa kuweka dhamana: watu wanafungia tokeni za LINK kama rehani ya kuonyesha kwamba taarifa zitaletwa inavyotakiwa. Nafasi ya kuanzia ilikuwa tokeni milioni 25.

Hizo ni hatua, hakuna anayebisha. Ila angalia kitu kimoja. Dhamana hiyo ya mwanzo ilihusu taarifa moja tu, nayo ni bei ya sarafu ya Etha kwa dola ya Marekani. Haikuhusu mvua. Yaani ulinzi mpya ulianzia kwa wafanyabiashara wa sarafu, na mkulima wa mahindi bado yuko nyuma kwenye foleni. Siwalaumu, kila mradi huanzia penye pesa. Lakini anayekuletea habari za "mwaka wa mafanikio" akwambie pia mafanikio yamefika kwa nani.

Somo la Mei

Mwaka huohuo kulitokea jambo ambalo mkulima anapaswa kulijua hata kama hajawahi kushika sarafu ya kidijitali. Mei 2022 sarafu iliyoitwa LUNA ilianguka, kutoka zaidi ya dola 80 hadi chini ya senti moja ndani ya siku chache. Taarifa ya bei yake iliyoletwa na Chainlink ilikuwa na kima cha chini kilichowekwa tangu awali, karibu senti 10. Bei ilipopita chini ya hapo, taarifa ikasimama. Venus, mfumo wa mikopo uliokuwa ukisoma bei hiyo, ukaendelea kuipokea LUNA kama rehani kwa bei iliyokwama wakati sokoni haina thamani tena. Wajanja wakaleta LUNA ya bure, wakakopa mali ya kweli, na hasara ikawa takribani dola milioni 11.

Hapo hakuna aliyevunja daftari wala kuhonga kompyuta. Kila kitu kilifanya kama kilivyoandikwa. Tatizo ni kwamba walioutegemea mfumo hawakujiandaa kwa swali rahisi: kipimo kikigota mwisho wake, itakuwaje? Swali hilohilo lipo kwenye bima ya mvua.

Mvua zetu zinachagua

Bima hizi hazitumi mtu kuja kukagua shamba lako. Zinaangalia kipimo cha mvua cha eneo, mara nyingi kutoka setilaiti. Moja ya kumbukumbu za mvua zinazotumika sana, inayoitwa CHIRPS, imegawa nchi katika miraba yenye upana wa karibu kilomita 5 kila upande. Piga hesabu: mraba mmoja ni hekta kama 2,500, zaidi ya ekari 6,000. Wewe una ekari mbili. Ndani ya mraba huo kuna mlima, bonde, na ng'ambo ya mto ambako mvua ilinyesha vizuri huku kwako ni vumbi.

Tuchukue mfano. Mkataba unasema utalipwa mvua ikiwa chini ya milimita 50 katika siku 30 za mwanzo. Shambani kwako zimenyesha 20 na mahindi yamekauka yakiwa na majani manne. Kipimo cha mraba kinasema 58. Kompyuta zote zitaleta 58, jibu la katikati litakuwa 58, na mkataba utajitekeleza kwa uaminifu kabisa: utakulipa sifuri. Uwe na orakeli moja au mia, namba iliyopimwa mbali na shamba lako haiwezi kukusogelea kwa kusafirishwa vizuri.

Naandika haya kwa sababu huko Kenya kilichokuwa mezani hakikuwa kidogo. Maeneo makubwa ya kaskazini na mashariki yalipoteza misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Mtu aliyetoa pesa ya bima akiwa katika hali hiyo, halafu mazao yakakauka na asipate kitu, hatakata bima tena, na watoto wake hawatakata. Ukimwambia "mfumo wetu hauchezewi" atakuuliza: "Bwana shamba, kwani hicho kipimo kilikuwa shamba la nani?"

Hivi basi tuikatae?

Hapana. Bima ya zamani ya kumtuma mkaguzi shamba kwa shamba haiwezekani kwa mwenye ekari mbili, kwa sababu nauli na posho ya mkaguzi vinazidi ada yenyewe. Bima ya kipimo cha mvua ndiyo iliyofungua mlango, na hiyo ilikuwepo kabla ya blokicheni. Kilimo Salama ilianza Kenya mwaka 2009: mkulima anakata bima wakati wa kununua pembejeo, vituo vya hali ya hewa vinapima, fidia inaingia M-Pesa. Baadaye ndiyo ikawa ACRE Africa.

Kinachoongezwa na mkataba unaojitekeleza ni kasi na uaminifu wa malipo, na hilo lina uzito. Fidia ikifika wiki ya nne baada ya kupanda, unanunua mbegu ya muda mfupi na kurudia. Ikifika miezi sita baadaye, inalipa madeni tu. Ofisi ya kukalia faili ikiondoka katikati, mkulima anafaidika.

Kwa hiyo nashauri tuyapime maendeleo ya miradi hii kwa vitu vinavyoonekana shambani: wangapi waliokaukiwa kweli walilipwa, na walilipwa baada ya siku ngapi. Pesa ikiongezwa, iende kwanza kwenye vipimamvua zaidi na kwenye kupima mavuno yenyewe katika mashamba machache ya kila kata, hata kama ni ghali. Kompyuta za kuileta namba zinatosha. Wa kuipima ndio wachache.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Akija wakala wa bima ya aina hii, muulize haya, na majibu yawe kwa maandishi:

1. Mvua yangu itapimwa na nini, na kipimo hicho kinabeba eneo la ukubwa gani?
2. Ni milimita ngapi, katika tarehe zipi, ndizo zinazoleta malipo? Tarehe hizo zinaendana na siku niliyopanda?
3. Taarifa isipopatikana au kipimo kikiharibika, mkataba unasemaje?
4. Malipo yatakuja baada ya siku ngapi, na kwa njia gani?
5. Nikilalamika, kuna mtu wa kunisikiliza au kuna mashine tu?

La tano usiliruke. Mkataba usioguswa na mtu ni mzuri siku unapokutendea haki. Siku unapokuumiza, unahitaji mlango wa kubisha.

Na wewe pima

Usisubiri setilaiti. Chukua kopo lenye upana uleule juu na chini, liweke wazi mbali na miti na paa, lifunge kwenye mti mfupi lisipinduke. Kila siku saa 3 asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika kwenye daftari, mwaga. Milimita moja kwenye rula ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba ya shamba lako. Mkiwa wakulima kumi kwenye kijiji mnaofanya hivyo misimu miwili, mtakuwa na ushahidi wa kumwekea wakala mezani na kumwambia: "Kipimo chako hiki, na chetu hiki. Tuongee."

Mwisho, kwa vijana wangu. Bima inayotumia Chainlink na kununua tokeni ya LINK ni vitu viwili tofauti. Katika mwaka huohuo wa mafanikio, LINK ilishuka kutoka karibu dola 20 hadi chini ya dola 6. Mradi unaweza kusonga mbele huku aliyenunua tokeni yake akilia. Benki Kuu yetu nayo ilitoa tahadhari kuhusu sarafu hizi tangu Novemba 2019. Hela ya mbegu ibaki kuwa hela ya mbegu.

Nawatakia msimu mwema. Anayeanza kupima mvua kesho asubuhi, aanze na tarehe juu ya ukurasa.