Kabla ya kununua runinga kubwa, uliza wati

MSIMU wa korosho unapoisha na malipo kuingia, ndipo wengi wetu wa Mtwara na Lindi tunapofikiria kununua runinga kubwa. Si dhambi. Mkulima naye ana haki ya kutazama mpira vizuri baada ya kazi ya mwaka mzima. Tatizo ni kwamba dukani tunauliza bei na inchi, hatuulizi wati.

Chukua mfano wa runinga ya plazima ya mtumba, inchi 42, inayokula wati 250 hivi. Ya LED yenye ukubwa kama huo hula wati 70 hivi. Ukiwasha saa 6 kwa siku, ya kwanza hutumia uniti 1.5 na ya pili uniti 0.42. Kwa mwezi tofauti ni uniti 32. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 350, hizo ni zaidi ya shilingi 11,000 za LUKU kila mwezi, au kama 136,000 kwa mwaka. Waliosema rahisi huvunja upishi hawakukosea.

Faida hiyo si ya mfukoni tu. Sehemu ya umeme wetu huzalishwa kwa gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, huku huku kusini. Uniti isiyopotea bure hupunguza gesi inayochomwa na hewa ukaa inayotoka. Kwa asiyefikiwa na nguzo za umeme, runinga ya wati chache huendeshwa kwa paneli ndogo ya jua, akaachana na jenereta na moshi wake.

Hata hivyo, tusijidanganye. Inchi zikiongezeka, wati nazo huongezeka. Anayeacha LED ya inchi 32 na kununua ya inchi 75 ataongeza matumizi, siyo kuyapunguza. Na ile ya zamani ya chogo isivunjwe wala kutupwa shambani, kwani kioo chake kina madini ya risasi.

Umoja wa Ulaya ulilazimisha lebo ya matumizi ya umeme kwenye runinga tangu mwaka 2011. Mnunuzi wa Masasi naye anastahili kuelezwa hivyo na kila muuzaji. Kwa sasa, ndugu mkulima, geuza runinga, soma bandiko la nyuma, kisha ndipo utoe fedha.