Kinachoua gari kuukuu Mombasa si kilomita, ni chumvi na maji

WAMILIKI wa magari makuukuu katika maeneo ya bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, wamebanwa pande mbili. Bei ya gari jingine imepaa, huku serikali nayo ikiazimia kuyakagua kwa ukali zaidi magari yenye umri mkubwa.

Mwaka wa 2023, ushuru wa forodha unaotozwa magari yanayoingizwa nchini ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa ikinunuliwa kwa zaidi ya Sh160. Ingawa shilingi ilijikwamua baadaye, bei za magari hazikurudi zilikokuwa.

Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililotumika ng'ambo haliruhusiwi kuingia nchini iwapo limezidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Wanunuzi wengi huchagua yale yanayokaribia kikomo hicho kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu. Hivyo, gari linapomfikia mmiliki wa pili au wa tatu kule Mtopanga au Mtongwe, huwa tayari na umri wa miaka 15 au zaidi.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Trafiki inataka magari ya uchukuzi wa umma na ya biashara yakaguliwe. Mwaka wa 2025, rasimu ya kanuni ilipendekeza kwamba magari ya kibinafsi yaliyozidi umri wa miaka minne yakaguliwe pia.

Katika mjadala huu, umri na kilomita ndivyo vipimo vinavyotajwa sana. Hata hivyo, hali halisi ya Pwani inaonyesha kuwa vipimo hivyo havitoshi.

Gari linalosafiri kati ya Mombasa na Nairobi hukimbia takriban kilomita 480 likipata upepo wa kutosha kupoza injini. Lile linalovuka kivuko cha Likoni kila asubuhi huenda lisitimize hata kilomita 20 kwa siku, lakini huunguruma kwa muda mrefu likiwa limesimama kwenye foleni, juani, na feni peke yake ndiyo inayopoza rejeta. Mita ya kilomita haihesabu saa hizo, ilhali mafuta ya injini yanaendelea kuchoka.

Ndiyo maana dereva wa Likoni anayengoja kilomita 5,000 zitimie ndipo abadilishe mafuta ya injini hujidanganya. Kwake yeye, kalenda ni kipimo bora kuliko mita. Isitoshe, mita yenyewe haiaminiki daima, kwani kurudisha nyuma hesabu ya kilomita ni udanganyifu wa siku nyingi katika biashara ya magari yaliyotumika.

Kisauni ina adui mwingine. Kwa miaka mingi, Mombasa imetegemea maji yanayotoka mbali, yakiwemo ya Mzima katika Taita Taveta, Marere katika Kwale na Baricho katika Kilifi. Mifereji inapokauka, wakazi hukimbilia visima, ambavyo vingi vina maji ya chumvi.

Maji hayo ndiyo madereva wengi humimina kwenye rejeta. Yakichemka, huacha magadi yanayoziba vijia vyembamba, na chumvi yake hula alumini ya injini. Mwishowe gari hupandisha joto, gaskiti ya kichwa cha injini huungua, na mwenye gari hulazimika kufungua injini nzima kwa sababu ya ndoo moja ya maji.

Baadhi ya mafundi huiondoa themostati wakiamini wametibu joto hilo. Tiba hiyo huficha ugonjwa tu. Injini isiyofikia joto lake la kawaida hunywa petroli nyingi na kulika mapema. Dawa ni kusafisha rejeta, kukagua kifuniko, mipira na pampu ya maji, kisha kujaza kipozeo kilichochanganywa na maji safi. Dereva asiyeweza kumudu kipozeo kila mara atafadhalishwa na maji ya mvua, au yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, kuliko maji ya kisima. Asichukue asidi ya betri kimakosa, na asifungue rejeta ikingali moto.

Maji ya kisima hudhuru bodi vilevile. Gari likioshwa kwayo kila siku hung'ara juu huku chumvi ikijikusanya chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na kwenye chasisi. Msimu wa kusi unapofika, upepo wa bahari huongeza yake. Heri kuliosha mara chache kwa maji baridi, kuanzia chini, kuzibua matundu ya kutolea maji kwenye milango, na kupaka rangi ya kuzuia kutu mara tu alama ya kwanza inapoonekana.

Changamwe nayo ina malori ya bandarini, vumbi na mashimo. Huko, chujio la hewa na viungo vya chini vya gari ndivyo vinavyotangulia kufa. Mpira unaofunika kiungo cha ekseli ukipasuka, vumbi huingia na kusaga chuma. Kuubadilisha mapema ni kazi ndogo, lakini ukipuuzwa, ekseli nzima hununuliwa upya.

Suala la breki ndilo zito zaidi kwa kuwa linahusu uhai. Mafuta ya breki hufyonza unyevunyevu, na hewa ya Pwani imejaa unyevu. Yakishapata maji huchemka upesi, na pedali hulegea wakati breki zinapohitajika zaidi, kama vile gari linaposhuka mteremko wa kuingia feri. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ni madereva wachache wanaokumbuka jambo hilo, kwa sababu wengi huongeza tu yanapopungua.

Kwa mwenye pesa chache, basi, mpangilio wa matumizi ni bayana. Breki, usukani na magurudumu vitangulie, mfumo wa kupoza injini na mafuta yake vifuate, kisha kutu. Rangi mpya na redio vinaweza kungoja.

Lawama zote haziwezi kutwikwa mwenye gari, hata hivyo. Vipuri ghushi vimejaa sokoni, na chujio bandia huua injini hata ya mmiliki mwangalifu. Ukaguzi utakaomwadhibu dereva wa teksi wa Magongo bila kumkabili anayeuza pedi bandia za breki utaongeza gharama, na huenda ukafungua mlango wa hongo, bila kupunguza hatari.

Aidha, mafundi wa jua kali, ambao ndio hospitali ya magari haya, wanahitaji mafunzo na vifaa vya kupimia. Vyuo vya kiufundi vya kaunti vinaweza kuwapa kozi fupi za jioni bila kuwafungia gereji zao.

Ni kweli pia kwamba si kila gari linaweza kuokolewa. Chasisi iliyotobolewa na kutu haina matunzo, na kuichomelea ili ipite ukaguzi ni kuhatarisha abiria. Lakini magari mengi yanayotelekezwa kando ya gereji za Changamwe na Kisauni hayakuuawa na uzee. Yaliuawa na ufa mdogo ambao haukuzibwa, na familia zilizoyategemea kwa riziki ndizo zinazojenga ukuta.