Polio haikujua kwamba mpaka ulifungwa

MTOTO wa kike wa umri wa miezi 32 alipooza jijini Mogadishu mnamo Aprili 2013. Somalia, ambayo haikuwa imeripoti kisa cha polio tangu 2007, ikajikuta kitovu cha mlipuko mkubwa. Kufikia mwisho wa mwaka huo, visa 194 vilikuwa vimethibitishwa nchini humo.

Kenya nayo haikusazwa. Kabla ya Aprili kwisha, mtoto wa miezi minne alikuwa ameanza kupooza katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na hatimaye taifa hili likarekodi visa 14. Haya yalitukia ilhali serikali ilitangaza kuufunga mpaka wa Somalia tangu Januari 2007! Tangazo hilo halikuwazuia waliokimbia vita na njaa, sembuse kirusi kinachokaa matumboni na kuenezwa kwa kinyesi, maji machafu na mikono isiyonawiwa. Isitoshe, kati ya watu 200 wanaoambukizwa, ni mmoja hivi tu anayepooza. Waliosalia hukibeba bila wao wenyewe kujua.

Chanzo cha masaibu hayo kilikuwa bayana. Wanamgambo wa Al-Shabaab walikuwa wamepiga marufuku kampeni za chanjo katika maeneo waliyotawala kusini na kati mwa Somalia, na mamia ya maelfu ya watoto hawakupata matone hayo. Agosti 2013, mlipuko ukiwa umepamba moto, Madaktari Wasio na Mipaka nao walifunga shughuli zao baada ya miaka 22, wakilalamikia kuuawa na kutekwa nyara kwa wafanyakazi wao.

Wahudumu wa afya walibuni njia nyingine. Waliweka vituo kandokando ya barabara na mipakani, wakamchanja kila apitaye, wakati mwingine hata watu wazima. Mbinu hiyo ilisaidia, kwani kisa cha mwisho cha mlipuko huo kilitokea wilayani Hobyo mnamo Agosti 2014. Hata hivyo, kituo cha barabarani humfikia anayesafiri pekee. Mtoto aliyebaki kijijini chini ya marufuku hubaki vivyo hivyo.

Pengo hilo ndilo lililozaa balaa la pili. Kirusi kilichodhoofishwa ili kutengeneza matone ya chanjo kikizunguka kwa muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa, huweza kurejesha makali yake. Aina hiyo iligunduliwa Somalia mnamo 2017. Machi 2018 ikagunduliwa katika majitaka ya Kamukunji, Nairobi, mamia ya kilomita kutoka mpakani, kabla ya mtoto yeyote nchini kupooza.

Kampeni za dharura zikafuata upande huu wa mpaka. Lakini watoto ambao hawakuwa wamefikiwa na chanjo walikuwa upande ule mwingine, na huko ni wanaotawala vijiji, au wazee wa koo wanaosikizwa nao, wawezao kumfungulia mchanjaji mlango.