Mistari Myeusi Ifundishwe Darasani

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku hizi daftari limehamia katika mistari myeusi iliyochapwa juu ya sabuni, biskuti na paketi za maziwa. Katika maduka makubwa ya Mbarara karani huipitisha bidhaa mbele ya mwanga mwekundu, mashine ikalia, bei ikatokea. Sisi wa Rwekubo na Nakivale twaiona mistari hiyo kila siku, wala hatuulizi yasema nini. Maoni yangu ni kwamba yafaa tufundishwe jambo hili shuleni, katika kipindi cha hesabu.

Kwanza, mistari hii si uchawi. Wamarekani wawili, Joseph Woodland na Bernard Silver, walipewa hataza yake mwaka 1952. Woodland aliianza kwa kuchora mchangani ufukoni Miami, akiwaza nukta na vistari vya simu ya Morse. Tarehe 26 Juni, 1974, paketi ya chingamu iliuzwa kwa msimbo wa aina tuijuayo leo katika duka moja mjini Troy, Ohio.

Pili, ndani ya mistari hamna bei. Mna namba tu. Bei imo katika kompyuta ya mwenye duka. Namba ikianza kwa 616 watu husema, "Hii imetengenezwa Kenya." Sivyo. 616 yaonyesha kwamba kampuni ilipewa namba na ofisi ya Kenya, kama 620 ilivyo ya Tanzania. Bidhaa yenyewe yaweza kutoka kwingine.

Tarakimu ya 13 ni mlinzi. Chukua 616123456780. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 32. Jumlisha zilizobaki: 17, zidisha kwa 3: 51. Jumla ni 83. Ili kufika 90 zahitajika 7, basi 7 ndiyo tarakimu ya mwisho. Mashine ikikosea tarakimu moja, hesabu hukataa. Je, hii si hesabu ya kidato cha kwanza?

Tatu, iko lebo ya redio, yenye chipu na waya mwembamba wa kunasa mawimbi. Hii haihitaji kuonekana. Mashine hutuma mawimbi, nayo lebo, hata isipokuwa na betri, hupata nguvu humo humo na kujibu kwa namba yake. Huko Botswana, mwanzoni mwa karne hii, ng'ombe walimezeshwa vidonge vyenye chipu hiyo, ili wanunuzi wa nyama wa Ulaya wajue kila mnyama ametoka wapi. Sisi wa Ankole, watu wa ng'ombe, hatuna budi kulifikiria hilo.

Lakini namba haziishii kwa mali. Mwaka 1958 si mbali na mwanzo wa makazi ya Nakivale, na tangu zamani hizo mkimbizi hujulikana kwa karatasi yake. Mwaka 2018 serikali na shirika la UNHCR walihakiki wakimbizi wa Uganda kwa alama za vidole na macho. Faida ipo: mmoja hawezi kuchukua fungu la mwenziwe. Walakini tazameni chini ya mistari ya sabuni: tarakimu zimechapwa wazi, ili mashine ikishindwa, karani asome kwa macho yake na kuandika kwa mkono. Waliotengeneza mistari walijua kwamba mashine hushindwa. Ikiwa sabuni imewekewa njia hiyo, sembuse mama aliyesimama foleni tangu alfajiri, ambaye vidole vyake vimelika kwa jembe? Naye apate karani wa kumsikiliza.

Asiyejua namba zinavyofanya kazi hataweza kudai haki hiyo. Ataambiwa, "Mashine imekataa," naye ataondoka.

Basi ndugu zetu mliotutangulia, mnaofanya kazi madukani, bohari na maofisini, njoni Jumamosi moja na mashine zenu mtuonyeshe. Nasi wanafunzi, tuanze leo na paketi iliyo mkononi.