Tathmini ya Hifadhi: Nani Apewe Hesabu?

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, na mradi wa kuiendeleza ukafadhiliwa na Mfuko wa Mazingira Duniani kupitia UNDP. Mwaka 2003 Mfuko huo uliamua jambo la busara: kitengo chake cha tathmini kisiwe chini ya menejimenti, bali mkuu wake awajibike moja kwa moja kwa Baraza. Benki ya Dunia imekwenda mbali zaidi. Mkuu wake wa tathmini haruhusiwi kuajiriwa tena na Benki hiyo amalizapo muhula, asije akaandika taarifa huku akiwaza cheo cha kesho.

Hata hivyo, uwajibikaji huo waelekea juu tu. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza na kupelekwa Washington. Mvuvi wa Msimbati, aliyewekewa masharti ya mahali pa kuvua na aina ya nyavu, huisikia mwisho, kama ataisikia. Kanuni ya 1287 ya Sheria za Kanisa humdai msimamizi wa mali atoe hesabu kwa Askofu na pia kwa waamini waliotoa matoleo yao (nasi maparoko hatuitimizi sote kwa bidii sawa). Mvuvi huyu ametoa sehemu ya riziki yake. Taarifa isomwe Msimbati, kwa Kiswahili, na aliyeiandika awepo ajibu maswali.