Hoteli za Diani zifufuliwe, lakini masharti yaandikwe kwanza

Barabara ya ufuoni ya Diani, kuanzia upande wa msikiti wa kale wa Kongo ulio kwenye mlango wa mto Mwachema hadi kukaribia Kinondo, ina sura mbili. Kuna hoteli zilizo hai, bustani zake zimefyekwa na walinzi wamesimama langoni. Kisha kuna kuta ndefu zenye malango yaliyofungwa kwa minyororo. Nyuma ya kuta hizo makuti yalishaporomoka, miti imeota ndani ya mabwawa ya kuogelea, na mbega wanarukaruka juu ya kilichobaki cha paa. Two Fishes, Trade Winds, Africana Sea Lodge: hoteli hizi ziliwahi kulisha nyumba nyingi za Ukunda na vijiji vya jirani kabla hazijafungwa. Jina la Trade Winds limebaki hata midomoni mwa wavuvi, ambao huliita diko lao, yaani mahali pao pa kutia ngalawa, kwa jina hilo. Kila inapovuma habari kwamba mwekezaji amepatikana, matumaini huamka upya, na matumaini hayo ni halali kabisa. Ninachotaka kusema ni kwamba kile kipindi kifupi mwekezaji anapotafuta vibali, kabla hajaweka jiwe la kwanza, ndicho kipindi pekee ambacho mwenyeji wa kawaida ana nguvu ya kudai. Kikipita bila fungu lake kuandikwa, atakachopata baadaye kitakuwa hisani, na hisani haidaiwi mahakamani.

Kabla ya kuzungumzia kufufua, tukumbuke kilichoua. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na vurugu zilizofuata ziliua zaidi ya watu 100 na kuwatimua wengine maelfu kutoka makwao. Biashara ya hoteli ya Pwani Kusini ilianguka ndani ya wiki chache, na kabla haijasimama likaja shambulio la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 1998. Mwaka 2002 bomu lililipuka katika hoteli ya Paradise kule Kikambala. Baadaye zikafuata ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mashambulizi ya Mpeketoni na tahadhari ya Uingereza kwa raia wake mwaka 2014, kisha korona mwaka 2020. Orodha hii inajulikana na kila aliyewahi kubeba trei katika mwambao huu. Kinachosahaulika ni kwamba hoteli nyingi zilijengwa kumtegemea mteja wa aina moja, mtalii aliyelipia kila kitu akiwa kwao Ulaya: ndege, chumba, chakula, hata safari ya Tsavo. Kampuni moja ya usafiri ikisimamisha ndege zake, vyumba vyote hubaki vitupu ndani ya siku moja. Mkenya wa Nakuru au Eldoret hakuwa amehesabiwa popote. Kwa hiyo nchi ilipotikisika, hoteli haikuwa na mteja wa akiba, na mfanyakazi wake hakuwa na kazi ya akiba.

Jengo likishafungwa, bahari haingoji. Chumvi ya upepo huingia kwenye zege na kula nondo, nondo zikishika kutu huvimba, na zikivimba hupasua zege kutoka ndani. Baada ya miaka 10 au 20 ya kuachwa hivyo, nguzo inayoonekana nzima haiwezi tena kuaminiwa kubeba ghorofa. Ndiyo maana anayesema anakuja kukarabati mara nyingi huishia kubomoa na kujenga upya. Hilo si dogo kwa wakazi, kwa sababu kujenga upya kunahitaji ramani mpya, ruhusa mpya ya kaunti na leseni mpya ya mazingira. Kila karatasi kati ya hizo ni mlango ambao sheria imemwachia mwananchi.

Wakazi wenyewe wanatarajia nini? Ajira ndiyo inayotajwa kwanza, lakini haiko peke yake. Mvuvi anataka mnunuzi wa uhakika wa pweza na changu, atakayemlipa siku hiyo hiyo. Mkulima wa Matuga na Msambweni anataka nyanya na embe zake ziingie jikoni mwa hoteli, wakati ambapo ni rahisi zaidi kwa meneja wa manunuzi kumpigia simu dalali wa Mombasa mwenye lori kubwa. Wachuuzi wa ufuoni, wauza vikoi na wachonga vinyago wanataka mahali panapotambulika pa kufanyia biashara bila kufukuzwa kila siku. Na kuna jambo linalowaunganisha wote, ingawa halina thamani ya fedha inayohesabika kirahisi: njia ya kufika baharini. Ploti za ufuoni zimepangwa bega kwa bega, na palipokuwa na kijia cha wavuvi mara nyingi pamekuja kuwa na ukuta au geti. Mtoto aliyezaliwa kilomita mbili kutoka baharini anaweza kukua akiisikia sauti ya mawimbi na bado asijue apitie wapi kwenda kuogelea.

Anayedhani wenyeji wa Diani ni watu wa kupinga maendeleo tu atazame yaliyotokea mwaka 1995, serikali ilipotangaza hifadhi ya bahari ya Diani-Chale. Wavuvi waliikataa, na hifadhi hiyo ikabaki kwenye karatasi kwa miaka mingi. Hawakuikataa kwa sababu hawajali matumbawe. Hakuna anayeyajua matumbawe kuliko wao. Walikuwa wameshaona madiko yakimezwa na hoteli mojamoja, na walipoambiwa kwamba sasa hata maji yatawekewa mipaka kwa manufaa ya baadaye ambayo hakuna aliyeyaandika popote, walihesabu walichokwisha kupoteza na wakasema hapana. Imani iliyovunjika hivyo hairudi kwa hotuba ya uzinduzi. Inarudi kwa hati yenye sahihi.

Na hati zinawezekana, kwa sababu sheria za Kenya zina meno kuliko tunavyoambiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema wazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna hoteli inayomiliki ufuo, hata iwe na nyota ngapi. Kifungu cha 65 kinamzuia mgeni asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa mkataba wa kukodi, maarufu kama lizi, usiozidi miaka 99. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa raia ambaye lizi yake imeisha kipaumbele cha kukodishiwa tena, lakini kwa sharti kwamba ardhi hiyo haihitajiki kwa matumizi ya umma. Maana yake ni kwamba lizi inapofika mwisho, umma una haki ya kuketi mezani kabla ya kutiwa sahihi mpya. Ni kweli kwamba baadhi ya ploti za Diani zinamilikiwa na raia moja kwa moja, si kwa kukodi, na huko mlango wa lizi haupo. Hata hivyo mwenye ploti ya namna hiyo bado anahitaji ruhusa ya ujenzi ya Kaunti ya Kwale na leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na leseni hiyo haitolewi kihalali bila wananchi kusikizwa. Tuna mfano wa karibu. Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi ule ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko hoteli yoyote, na wakazi wa kisiwa kidogo waliusimamisha kwa makaratasi.

Sasa tuje kwenye masharti yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo ahadi nyingi huyeyuka. Njia ya kwenda baharini isitajwe kwa maneno ya jumla. Ichorwe kwenye ramani ya upimaji, iwe na upana unaojulikana, na iandikishwe kama njia ya umma ili mnunuzi wa kesho airithi pamoja na ploti. Diko nalo lipewe mipaka, pamoja na mahali pa kuegesha ngalawa na kuanikia nyavu, na kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, kilichopewa nguvu na kanuni za 2007, kiwe mtia sahihi. Kuhusu ajira, kifungu kinachosema wenyeji watapewa kipaumbele hakina uzito wowote, kwa sababu mwaka baada ya mwaka kitatimizwa kwa kazi za kufyeka majani na kulinda geti. Kinachofaa ni idadi ya vijana wa Kwale watakaofunzwa upishi, umeme, uhasibu na usimamizi kila mwaka, kwa gharama ya hoteli, tangu siku ujenzi unapoanza. Chuo cha utalii cha Ronald Ngala kule Vipingo kilianza kujengwa mwaka 2013 na kazi ikakwama miaka mingi. Kijana wa Ukunda hawezi kuendelea kungoja jengo likamilike ndipo ajifunze kazi.

Sharti ambalo mimi ningelipigania kuliko yote ni la muda. Hati za zamani za kukodisha ardhi ya serikali zilizoea kumpa mwenye ploti miezi 6 kuwasilisha ramani na miezi 24 kukamilisha ujenzi. Sharti hilo lilikuwepo, ila halikusimamiwa. Matokeo yake ni kwamba gofu linaweza kukaa miaka mingi likipanda thamani huku likioza, mwenyewe akilishika kama akiba ya benki na jirani yake akikosa kazi na njia. Ploti ya hoteli iliyofungwa ingepaswa kuwa na saa inayohesabu, na muda ukiisha bila ujenzi wala sababu ya msingi, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ianze kuulizia lizi hiyo.

Pingamizi la kwanza nitakalolisikia ni kwamba masharti yatamfukuza mwekezaji aende Zanzibar au Watamu. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mtaji kweli huhama. Lakini mtu mwenye fedha za kujenga hoteli huogopa zaidi hati yenye utata, kesi isiyoisha na kijiji kinachomchukia. Njia ya mita chache pembeni mwa ploti ni gharama inayojulikana tangu mwanzo na huingizwa kwenye hesabu kama bei ya saruji. Mgogoro hauna bei inayojulikana. Wala Zanzibar si kimbilio lisilo na masharti. Pale Shangani, jengo la kale la Mambo Msiige lilifunguliwa kama hoteli ya Park Hyatt mwaka 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ililalamikia ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa kando yake. Malalamiko hayo hayakupunguza hata ghorofa moja, kwa kuwa zege lilikuwa limeshakauka. Huo ndio ushahidi wangu kwamba neno la baada ya ujenzi ni neno lililochelewa.

Wapo pia wanaosema zama za hoteli kubwa zimepita, kwamba ploti hizi zigawanywe ziwe nyumba za kifahari za kuuzwa mojamoja. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamwezesha msafiri wa gari kufika Diani bila kungoja feri ya Likoni, kwa hiyo bei ya ardhi inapanda na wanunuzi wapo. Siwezi kuwazuia wenye mali kuuza. Ila tujue tunachobadilisha. Hoteli inahitaji wapishi, wafuaji, wahudumu, wavuvi na wakulima mwaka mzima. Nyumba inayofunguliwa Desemba na Pasaka inahitaji mlinzi na mtunza bustani. Kaunti inayotoa ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi inapaswa kuliweka hilo kwenye mizani, na ikiruhusu, njia na diko vibaki pale pale.

Kisha kuna hoja inayosemwa kwa sauti ya chini kwenye ofisi za hoteli: kwamba wenyeji ni kero, kwamba ufuo ukiachwa wazi watalii watasumbuliwa na wachuuzi. Usumbufu upo, na wageni huulalamikia kwa haki. Lakini kijana asiye na kibanda, kibali wala mafunzo hana njia ya kuuza ila kumfuata mgeni hatua kwa hatua. Mpe mahali, kitambulisho na chama kinachoweza kumwadhibu mwenzake anayeharibu jina la wote, na sehemu kubwa ya kero itapungua. Ukuta umejaribiwa kwa miongo kadhaa. Haujaleta utulivu wala haujazizuia hoteli kufungwa.

Kwa mkazi wa Diani, Kinondo na Ukunda anayesoma haya: tangazo la tathmini ya athari kwa mazingira likitoka, lisome na uitishe ripoti nzima, usiridhike na muhtasari. Nenda kwenye baraza, na hakikisha jina lako na ulichosema vimeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Waulize wawakilishi wako wa wadi njia yenu iko kwenye ramani namba ngapi. Leseni ikitolewa bila nyinyi kusikizwa, mna siku 60 za kukata rufaa mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na siku hizo huanza kuhesabiwa leseni inapotolewa, si siku tingatinga linapofika.