Barua ya Mapendekezo Isiwe ya Kujipendekeza

Sisi vijana wazungumzaji wa Kiswahili tunaobisha hodi kwenye vyuo vya udaktari vya Marekani tuna neno moyoni. Tuko Houston, Minneapolis, Columbus, Dallas. Wengine tumekulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, wengine tumetoka Dar es Salaam na Mombasa. Kila mwaka ikifika Mei, fomu za maombi zikifunguliwa, kilio chetu ni kimoja: barua za maprofesa.

Nyumbani hawatuelewi. Mama anapiga simu kutoka Morogoro: “Mwanangu, si umefaulu? Barua za nini tena?” Ana haki ya kuuliza. Tanzania, aliyefaulu fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita huomba udaktari moja kwa moja. Kenya, alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndizo humpangia mtu nafasi. Huku unasoma kwanza shahada ya miaka minne, unafanya MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, kisha unatafuta watu wa kukushuhudia. Vyuo vingi hutaka maprofesa wawili wa sayansi na mmoja wa somo jingine.

Hatukatai kushuhudiwa. Anayetaka kukabidhiwa uhai wa watu lazima apatikane mtu wa kusema tabia yake. Tunacholalamikia ni jinsi ya kumpata shahidi huyo.

Darasa la kemia la mwaka wa kwanza lina wanafunzi mia tatu. Profesa yuko mbele na kipaza sauti, sisi tuko juu kule, vichwa tu. Anayetusahihishia kazi, anayetuona tukimwaga kemikali maabara na kurudia jaribio mpaka likubali, ni msaidizi wake, naye bado ni mwanafunzi. Huyo anatujua kwa majina. Lakini barua yake peke yake vyuo vingi haviipi uzito wa barua ya profesa. Basi anayetujua hasikilizwi, na anayesikilizwa hatujui.

Tunaambiwa: nendeni ofisini kwake mkazungumze. Saa zake za kuonana na wanafunzi ni Jumanne saa nane mchana. Saa nane mchana wengi wetu tuko kazini, au ndiyo kwanza tumelala baada ya zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee. Kodi ya nyumba haingoji, na kuna wadogo zetu wanasubiri ada. Mwenzetu ambaye baba yake ni daktari hukaa ofisini humo saa nzima, na profesa anamkumbuka. Hatumchukii. Ila mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na barua yake na yetu zikiwekwa mezani pamoja, hakuna anayeuliza nani alikuwa na nafasi ya kwenda.

Kuna pia jambo la malezi. Tumefundishwa kwamba mwanafunzi mwenye adabu humsikiliza mwalimu, hamkatizi, hamzungukizunguki. Kwetu kumzunguka mwalimu huitwa kujipendekeza, na si neno la sifa. Huku kunyamaza kwetu kunasomwa kuwa hatujali. Binti mmoja kati yetu alipata A, akaenda kuomba barua, profesa akamtazama na kumuuliza kama kweli alikuwa darasani kwake. Alikaa kiti kilekile muhula mzima.

Hata profesa akikubali kuandika, mashaka hayaishi. Sheria ya kumbukumbu za wanafunzi, FERPA ya 1974, inatupa haki ya kuisoma barua, lakini tunashauriwa tutie saini kuiacha haki hiyo, kwa sababu vyuo huamini zaidi barua ambayo mwombaji hakuiona. Kwa hiyo hatujui kama imeandikwa kwa moyo, au ni mistari minne inayotaja maksi ambazo chuo tayari kinazo. Mwingine aliahidiwa barua Machi, na Agosti ilikuwa haijafika. Vyuo vingi huita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyokamilika, na faili lake likabaki pembeni. Angemkumbusha mwalimu mara ngapi bila kumkera?

Walimu wetu, kama hamwezi kuandika barua nzito, tuambieni mapema. “Hapana” ya Februari haiumi kama ukimya wa Agosti. Tengeni walau saa moja ya jioni, hata kwa simu, kwa sisi tunaofanya kazi mchana. Nanyi vyuo vya udaktari, barua ya msaidizi wa maabara iliyotiwa saini pamoja na profesa ipeni uzito unaostahili, na ya msimamizi wetu wa zamu kazini isomeni kwa makini uleule.

Na ninyi wadogo zetu mnaoanza mwaka huu, msikimbilie profesa mwenye jina kubwa. Tafuteni kozi ya watu ishirini, mrudi kwa mwalimu huyohuyo muhula mwingine, mwombeni barua miezi miwili kabla ya kuihitaji, mkimpelekea wasifu wenu na kazi aliyowasahihishia. Kuuliza swali si utovu wa adabu. Tulichelewa kulijua hilo.

Usiku wa leo baadhi yetu wako zamuni. Kuna bibi wanayemgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Anawajua kwa mikono yao kabla taa haijawashwa. Angeulizwa, angekuwa na la kusema.